Mama Pumua wa Wodi ya Mapafu

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, muuguzi ambaye wengi wenu mlizoea kumwita Mama Pumua.

Dada alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa kwanza kati ya watano, akaanza shule ya msingi mwaka 1974, akaendelea na sekondari, na mwaka 1988 akahitimu chuo cha uuguzi. Alianzia wodi ya wazazi, na mwaka 2003 akahamia wodi ya mapafu, ambako aliwaandaa wagonjwa waliosubiri kupandikizwa mapafu, akiwatembeza koridoni dakika sita huku akihesabu mita ili kupima pumzi yao, na baada ya upasuaji akiwafundisha kumeza dawa saa ileile kila siku na kutodharau hata mafua.

Tarehe 8 Julai 1992 alifunga ndoa na shemeji yetu, seremala, wakajaliwa binti na mtoto wa kiume.

Mwaka 2017 alianza kukohoa, akadhani ni uchovu, kumbe mapafu yake yalikuwa yanaota makovu. Shemeji alihamisha karakana mbali na nyumba kwa sababu ya vumbi la mbao, lakini pumzi ilizidi kupungua, na siku alipotembezwa yeye katika korido ileile, akivuta mtungi wa oksijeni, muuguzi ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kazi alitaka kumpunguzia mita kwenye fomu, ili aonekane mahututi zaidi na kupanda kwenye orodha ya wanaosubiri mapafu, naye akamkatalia, "Mwanangu, andika nilizotembea, mbele yangu kuna watu."

Februari 2020 aliitwa, akalazwa tayari kwa upasuaji, halafu akaambiwa mapafu yaliyoletwa hayafai, akarudi nyumbani na begi lake. Alipandikizwa tarehe 19 Novemba 2020, akapata miaka miwili ya kupanda ngazi bila kutweta, mpaka mwili ulipoanza kuyakataa mapafu yale, dawa zikabadilishwa mara tatu, nasi tukashika kila jani kama mfa maji. Wiki ya mwisho alimwambia binti yake, "Nimewaambia wengi wasiogope, lakini mimi naogopa, nishike tu mkono," naye hakuuachia hadi tarehe 6 Aprili 2024, saa nane mchana, alipokata roho.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi wenzake, majirani waliokesha nasi, na familia moja tusiyoijua, ambayo ilikuwa msibani kama sisi leo, ikakubali kutoa mapafu ya mpendwa wao, ikatuachia dada miaka mitatu na zaidi.

Dada, umehangaika na pumzi vya kutosha, sasa pumzika kwa amani.