Jezi Nambari Tano na Finjani ya Kahawa

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Mkuu wa timu kanambia nisimame nikuhadithieni khabari za goti langu. Goti lilipona zamani, wallahi. Kilichochelewa kupona ni roho, na hiyo ndiyo nitakayoisema. Jina la mtu sitaji. Mwenyewe yumo humu, anakula halua, na mnamjua.

Mie nimecheza beki wa kati katika timu yetu hii ya mtaa wa Darsait tangu ndevu hazijanitoka. Aliyenitia mapenzi ya mpira ni babu yangu, Mungu amrehemu. Kule Unguja, miaka ile vita vikuu vimekwisha, akisikiliza mpira wa Kiingereza redioni, na sisi wajukuu akatuhadithia hapa Maskati khabari za beki mmoja wa huko. Jina lake akilitamka kwa namna yake, hata mwenye jina asingeitika. Siku za kazi beki huyo akichimba makaa ya mawe, Jumamosi akicheza. Timu moja ujana wake wote, jezi moja, hapana wa kumtoa. Nkasema, basi huyo ndio mie. Nambari tano nkaiona kama nimezaliwa nayo.

Halafu goti. Tuliruka kugombea mpira wa kona, nkashuka vibaya, nkasikia ta! Daktari kanambia, mpira basi, bwana. Nambari tano akapewa kijana mmoja.

Ndugu zangu, nakwambieni kweli, nlimwonea wivu mpaka chakula kikawa hakipiti. Yeye anaruka, mie nakunja uso. Watu wanapiga makofi, mie natazama simu. Akinikuta njiani ananiamkia kwa adabu, na adabu yake hiyo ndiyo iliyonikera khasa! Hasidi hana sababu. Kila mechi nlikuwepo, hata mkicheza mbali kule Ghubra, si kwa kukupendeni. Nlikuwa nakwenda kumngoja akosee. Mke wangu akinicheka: "We bwana, unamtazama yule kama mke mwenzio!" Msicheke. Uke wenza una zamu. Mie zamu yangu ilikuwa hairudi tena.

Siku moja, baada ya alasiri, kengele ikalia. Nafungua mlango, namwona yeye, na nahodha nyuma yake. Nkawakaribisha; mgeni ni mgeni. Tende, kahawa. Nkammiminia. Akaipokea finjani, akaiweka chini mbele yake, asiinywe.

Nyie mnajua maana yake. Mgeni mwenye haja hanywi mpaka mwenye nyumba amwambie "kunywa, haja yako imekubaliwa", na mwenye nyumba huyasema hayo kabla hajaijua haja yenyewe. Lakini mie nkajiona nnaijua. Ile jezi yangu ya mwisho nimeitundika ukutani, na macho yake yalikuwa huko huko. Kaja kuitaka! Kanichukulia nafasi, sasa anataka na jezi yenyewe. Nkapangapanga tende sahanini. Kahawa inapoa. Nahodha anatazama zulia. Nyuma ya pazia mama yangu akakohoa, na kikohozi kile hakikuwa cha mafua.

"Kunywa," nkamwambia, meno nimeyabana. "Haja yako imekubaliwa."

Akanywa. Akasema, "Kaka, nakuomba Ijumaa usikae jukwaani. Simama nyuma ya goli letu, karibu na mie."

"Nikufanyie nini?"

"Unitazame tu. Mie mechi zote nakutazama wewe. Ukikunja uso, najua nimesimama sawasawa. Ukitabasamu, nageuka nyuma mbio, najua kuna mtu kaniponyoka. Lakini jukwaani ni mbali, siku nyengine sikuoni vizuri."

Nlitamani zulia linimeze. Alikuwa anajua! Siku zote alikuwa anajua, na hakunichukia. Wivu wangu wote yeye kaufanya taa za barabarani, nyekundu na kijani.

Walipoondoka nkamwuliza mama, "Yule beki wa babu, mwisho wake ulikuwaje?"

"Miguu ilimshinda, akabaki kuwafundisha mabeki wadogo," akasema. "Babu yako hapo ndipo akipapenda. Wewe hadithi ikifika hapo ushalala, mwanangu."

Ijumaa nkasimama nyuma ya goli, nimenuna. Mara mshambuliaji wao akaanza kumzunguka kwa nyuma, na ulimi ukanitoka wenyewe: "Kushoto kwako! Rudi!" Akarudi, akautoa mpira. Tangu siku hiyo nawafundisha mabeki wenu, na chakula kinapita.

Namshukuru mama kwa kikohozi chake, mke wangu kwa mzaha wake, nahodha kwa kunyamaza pale palipotaka kunyamaza. Na huyu mla halua, Mungu amzidishie. Nasaha yangu ni ndogo: ukiwa na wivu usidhani umeuficha, unayemwonea ndiye wa mwanzo kuuona. Na mgeni akiiweka finjani chini, mwambie kunywa upesi, kabla roho yako haijapata nafasi ya kusema.

Lakini msinifanye walii. Wivu bado hunipitia, hunigongea mlango. Ila juzi huyu kijana kapiga kichwa ambacho mie katika kucheza kwangu kote sikuwahi kukipiga. Nkafurahi, furaha ya kweli, nkatabasamu mpaka magego. Akaniona. Masikini, akageuka nyuma mbio kumtafuta mtu, na nyuma yake hapakuwa na mtu.