Soli za Mwanamume

Kijiwe chetu ni benchi moja mbele ya kibanda cha Fundi Viatu, na birika la kahawa juu ya jiko dogo. Asubuhi hiyo Fundi alikuwa amepakata viatu vya binti yake. Kesho binti anaondoka kwa miguu, mwendo wa siku nyingi, hadi kanisa la mahujaji kule mlimani. Mama yake aliweka nadhiri ya kwenda, akafariki kabla hajaitimiza. Sasa mtoto anakwenda kwa niaba yake, na anakwenda peke yake. Fundi, ambaye goti lake halimfikishi hata sokoni, alikuwa na macho mekundu ya kukosa usingizi. Kinyozi, tunayemwita Wembe, na mshonaji wa nguo, Sentimita, walikuwa wameshaanza kumshauri.

— Kwani lazima aende mwenyewe? Si angoje kundi la kanisani? — Wembe aliuliza.

— Nimemwambia. Anasema kwenye kundi, akilia, hakosi mtu wa kumwambia nyamaza. Anataka kumlilia mama yake mpaka amalize.



— Basi atumie simu, — Wembe akasema. — Akiona mtu asiyemwelewa, aongee kwa sauti: “Mume wangu, umefika wapi? Uko na wale kaka zako wanajeshi?”

— Na simu ikiita hapohapo sikioni? — aliuliza Sentimita.

— Aseme huyo ni mume wa pili!

Hata Fundi alicheka, lakini kidogo.

— Acheni mchezo, — Sentimita alisema. — Mimi namshonea koti la kiume. Mabegani najaza pamba, mpaka mlangoni apite kiubavu.

— Kwa jua hili? Ataiva kabla hajafika! Mimi nampa ndevu. Nywele zimejaa sakafuni kwangu, na gundi baba yake anayo.

— Ndevu umbandike nani, Wembe? Mwanangu?

— Za safari tu, mzee. Akirudi namnyoa bure.

Fundi akatikisa kichwa.

— Nyie chekeni. Mimi langu nimeshalifanya.

Akavigeuza viatu tuvione chini. Soli zilikuwa pana, nene, zimechomoza mbele kama midomo ya bata.

— Soli za mwanamume, tena wa miraba minne. Mtu akiona nyayo hizi vumbini atasema hapa limepita jitu. Nani atafuata?

Sentimita alisimama akampa mkono. Hata mimi niliona mzee ametumia akili.

Ndipo akaja mama mmoja tusiyemjua, begi mkononi.

— Hodi jamani. Mkanda umekatika. Nilitembea nalo mpaka kanisa la mlimani na kurudi, sasa limechoka.

— Ulikwenda na nani, mama? — Fundi aliuliza upesi.

— Peke yangu.

Macho yake yakatua kwenye vile viatu. Akachukua kimoja, akajaribu kukikunja. Hakikukunjika.

— Hivi vya nani?

— Vya binti yangu. Anakwenda hukohuko. Nimeviweka hivyo kwa usalama wake.

— Vizuri, baba. Sasa ikibidi akimbie, atakimbiaje?

Fundi alikipokea kiatu, akanyoosha mkono akachukua koleo.

— Labda avivue kwanza, — Wembe alianza, — halafu…

— Wewe nyamaza. Sogea, mama apate pa kukaa. Mama, mimi nang'oa soli hizi. Wewe niambie ulilala wapi, na nani alijua kwamba unakuja.

Mama akaketi.

— Usiku wa kwanza, kwa masista. Asubuhi ukiondoka, wanapiga simu kituo cha mbele kuwaambia uko njiani. Jua likikaribia kuzama hujafika, wale wa mbele wanatoka kukutafuta.

Msumari ulianguka chini. Fundi hakuuokota.

— Rudia hapo, mama. Hapo wanapotoka kukutafuta.