Elfu Moja ya Nini? Maisha ya Isnino Warfa Deeq

Dada yetu Isnino Warfa Deeq alizaliwa Habaswein tarehe 14 Machi 1979, binti wa pili wa Mzee Warfa Deeq na Mama Sirad Yakub. Alikuwa mtoto mwoga. Aliogopa fisi, radi na giza la kisima.

Alisoma shule ya msingi Habaswein, sekondari Garissa, kisha akapata stashahada ya ufundi mitambo Nairobi mwaka 2002. Miaka miwili baadaye aliajiriwa na duka la vifaa vya maji mjini Garissa. Kazi yake ilikuwa kuandaa majedwali ya bidhaa: nguvu ya pampu, upana wa bomba, uzito ambao winchi inaweza kuinua.

Aliolewa na Mohamedamin Abdisalam, dereva, tarehe 5 Agosti 2006. Binti yao Kowsar anakumbuka akileta hesabu za shule nyumbani na kusema jibu ni kumi na mbili. "Kumi na mbili nini?" mama aliuliza. "Mbuzi au mita?"

Hakuwa akitania. Februari 2017, wakati wa ukame, duka liliuza winchi ya mnyororo kwa watu wa kisima karibu na Modogashe. Jedwali la kiwandani lilisema "Uzito wa juu: 1000", basi. Isnino alikuwa ameandikia kiwanda kuuliza, lakini duka halikungoja. Jibu lilifika winchi ikiwa imekwisha kwenda. Zilikuwa ratli, si kilo. Hazikufika hata kilo mia tano, na pampu ambayo watu wale walitaka kuinua, pamoja na mabomba yake, ilizidi hapo. Simu ya Adow, fundi wa kisima hicho, haikupatikana. Mohamedamin akawasha gari. Anasema njia nzima mkewe alisoma dua.

Walipofika, pampu ilikuwa inaning'inia juu ya kisima. Chini yake, ndani, kijana mmoja wa hapo aitwaye Deeq alikuwa anachota tope.

"Mtoeni huyo mtu!" Isnino alipiga kelele.

"Abaayo, dada yangu, wacha tufanye kazi," Adow alisema. "Ngamia iko na kiu."

"Hiyo elfu si kilo. Ni ratli!"

"Karatasi haijasema ratli."

"Na kilo imesema?"

Adow aliangalia juu, kwenye ndoano. Kisha akainama kisimani akaita, "Deeq, panda. Panda sasa hivi."

Deeq alikuwa amefika ukingoni, bado anakung'uta tope magotini, ndoano ilipofunguka. Kishindo kilitoka chini, ngamia wakatawanyika. Watu walimshukuru Mungu kwa sauti. Isnino alikaa mchangani.

Tangu siku hiyo hakuna namba iliyotoka mikononi mwake bila kipimo chake kando, katika kila mstari. Wenzake walilalamika kwamba ukurasa unajaa. "Ujae," alijibu. Usingizini aliendelea kuita, "Panda!"

Mwaka 2023 figo zake zilianza kushindwa. Siku za mwisho alimshika mumewe mkono. "Naogopa," alisema.

"Hata mimi," Mohamedamin alijibu. "Tuogope pamoja."

Alifariki Garissa asubuhi ya Jumatatu, 9 Juni 2025, akiwa bado ameshika mkono huo, akazikwa alasiri.

Ameacha mume wake Mohamedamin, watoto Kowsar, Idman na Yakub, mama yetu Sirad, na sisi ndugu zake. Mwenyezi Mungu amsamehe, amwondolee kila hofu, na kaburi lake liwe pana na lenye nuru. Amin.