Sauti Iliyofika Mstari wa Nyuma

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, mtoto wa tatu wa mshona viatu na mkunga. Sauti kubwa alizaliwa nayo. Mama yake akitaka mtu wa mtaa wa pili, alimwambia binti asimame mlangoni aite.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1970. Mwaka 1975 akajiunga na jeshi. Wasichana walipelekwa jikoni na kwenye taipu. Yeye taipu alipiga, na gwaride hakukosa.

Tarehe 9 Agosti 1980 aliolewa na fundi mwashi aliyekuja kupiga lipu bweni lao.

Mwaka 1983, akiwa koplo, aliomba kuongoza gwaride. Mkubwa wake akasema, "Sauti ya mwanamke haifiki mstari wa nyuma."

"Afande, nipime kama unavyowapima wanaume."

Akapewa wiki mbili. Kila jioni alimsimamisha mumewe mwisho wa uwanja wa mpira. Akisikia amri, anyooshe mkono. Siku ya kwanza upepo ulivuma, mume hakusikia kitu, akanyoosha tu kwa mapenzi. Marehemu akaja mpaka pale.

"Nimeamuru nini?"

Mume akaushusha mkono.

"Usinionee huruma, mume wangu. Ukinidanganya wewe, watanicheka wao."

Jirani akapita: "Fundi, jeshi umeingia lini?"

"Siku niliyooa."

Siku ya kupimwa, mstari wa nyuma uligeuka wote. Wanasema hata mpishi kule jikoni aligeuka na mwiko wake. Tangu hapo wanawake wa kambi ile walipimwa sawa na wanaume, na waliofaulu waliongoza. Alistaafu mwaka 2006 akiwa sajini.

Mwaka 2019 aliugua koo. Sauti ikapungua, ikaisha. Akawa anaita kwa kugonga kikombe na kijiko. Mumewe akiitika "Afande!", alicheka bila sauti. Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 2 Juni 2021, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, mabinti wawili, mwana mmoja na wajukuu watano.

Gwaride la leo la kumuaga linaongozwa na luteni, mwanamke aliyefundishwa na marehemu. Mumewe ameomba asikae kwenye viti vya mbele. Atasimama nyuma kabisa. Akisikia, atanyoosha mkono. Asiposikia, hatanyoosha.

Neno la mumewe: "Pumzika kwa amani, mama watoto."