Mzee Telesphori na Ukuta wa Ngoma Mbili

Leo Jumanne, tarehe 30 Juni 1987, Mzee Telesphori Kashindye, msimamizi wa mafundi katika Idara ya Ujenzi, anavua koti la kazi. Ni miaka ishirini na mitano tangu atoke kwao upande wa Ushirombo na kufika hapa yadini kwa baiskeli ya kuazima, mwiko wake umefungwa kwenye fremu kwa kipande cha mpira. Baiskeli aliirudisha kwa mwenyewe. Yeye alibaki.

Kwa kawaida wasifu kama huu huandikwa na karani. Safari hii wenzangu wamesema aandike mtu aliyebeba matofali pamoja naye, na zamu ikaniangukia mimi, kibarua wa kutoka Kasulu. Shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo nitaandika kama ninavyoongea.

Mzee alianza kazi kama fundi mwashi wa kawaida. Halmashauri ilipovunjwa alihamishiwa Serikali Kuu, na iliporudishwa alirudi nayo. Mwenyewe husema alilala mwajiriwa wa huyu akaamka mwajiriwa wa yule, na ukuta aliokuwa anaujenga ulikuwa ni uleule. Amejenga mahakama ya mwanzo, vyoo vya soko, nyumba za walimu na kalvati zisizo na hesabu. Barabara ya kwenda Runzewe anaijua shimo kwa shimo, na baadhi ya mashimo ameyapa majina ya mabwana wakubwa waliowahi kukwama humo. Majina hayo sitayaandika, kwa sababu wawili kati yao wamealikwa leo.

Ana tabia zake. Hakunywa chai ya kazini bila kwanza kuuliza kama vibarua wamepata. Mwaka ule sukari ilipoadimika alikuwa anatembea na muwa mfukoni, anauma, anakunywa chai, anauma tena. Haimbi vizuri, lakini anaimba, na sisi tuliokaa naye miaka mingi tumeshazoea. Mtu asipofika kazini hakumgombeza siku hiyo. Alimgombeza kesho yake, baada ya kujua kama alikuwa mgonjwa.

Lakini kazi ambayo wengi tutamkumbukia ni ya zahanati ya Bukwangu.

Ilikuwa Oktoba 1985, mwisho wa kiangazi, wakati watu wanachoma mashamba. Upepo uligeuka, moto ukatoka shambani ukaingia kwenye kibanda cha nyasi ambamo ndugu wa wagonjwa walikuwa wanapika, nyuma ya wodi ya wazazi. Kutoka kibandani ukapanda darini. Akina mama wote walitolewa salama pamoja na watoto wao, na vitanda vikatolewa pia. Paa lote liliungua. Ukuta wa nyuma ulipasuka, kwa sababu watu waliumwagia maji ukiwa bado wa moto, ukawa wa kujengwa upya.

Bwana Valerian, aliyekuwa Afisa Ujenzi, alikwenda kuona akiwa na Mzee Telesphori. Aliwaeleza wanakijiji ukweli bila kuwazungusha. Mvua zilikuwa zinakaribia. Kama wodi haitakuwa na paa mvua zitakapoanza, mkunga na vitanda vitapelekwa kituo cha afya cha mbali, siku nzima kwa mkokoteni wa ng'ombe, na hakuna aliyejua vitarudi lini. Mkunga mwenyewe, Mama Euphrasia, alikuwa amesimama pale na kanga yenye masizi. Alimtazama tu Mzee Telesphori, na Mzee akasema kwamba mvua itakuta paa. Alisema hivyo mbele ya watu wote. Kwa hiyo toka siku ile jambo likawa lake.

Tatizo la kwanza lilikuwa mikono. Mwaka ule waashi wetu wengi walikuwa wamekimbilia machimboni kutafuta dhahabu. Waliobaki yadini ni sisi vibarua wachache na mafundi wawili, mmoja wao akiwa na mkono uliovimba. Bati zilipatikana kwenye ghala la zamani la pamba lililokaa tupu. Tulizing'oa tukaziba matundu ya misumari kwa lami. Mbao za mninga zilitoka Runzewe. Matofali ya kuchoma kijiji kilikuwa nayo, tanuru zima, yaliyokusudiwa darasa. Saruji ilikuwa ya kupimiana kwa kopo, ya kutia kidogo kwenye udongo wa kujengea. Watu wa kujenga ndio hawakuwapo.

Mzee akaenda kwa vikundi vya kulima. Wasiofahamu huku Usukumani niwaeleze kidogo. Vijiji vingi vina vikundi vya vijana wanaolima kwa ngoma. Kila kundi lina manju wake wa kuimba na kupiga ngoma, na yakikutana makundi mawili shambani hugawana eneo na kushindana. Wakati wa mashindano ni mwiko kuinua kichwa kuchungulia upande wa wenzako. Anayechungulia ameogopa, na atatungiwa wimbo utakaomfuata hadi uzeeni. Bukwangu walikuwa na makundi mawili: la mlimani chini ya manju Kalisti, na la mbugani chini ya manju Maige. Hawa wawili walikuwa na ubishi wa miaka.

Mzee aliwaomba wote. Wakakubali, kwa sharti kwamba yawe mashindano. Kalisti aanze pembe ya mashariki, Maige pembe ya magharibi, wakutane katikati ya ukuta. Wakadai pia kila kundi liwe na uzi wake wa kujengea, kwani kushika uzi mmoja na mpinzani ni sawa na kujifunga kamba moja naye. Fundi mwenye mkono uliovimba alinung'unika kwamba ukuta mmoja hutaka uzi mmoja. Mzee alimwambia awaache vijana, wana moto. Ukweli ni kwamba Mzee anapenda ngoma. Ngoma ikilia, mguu wake wa kulia haumsikilizi.

Sijawahi kuona kazi inakwenda vile. Matofali yalikuwa yanarushwa mkono kwa mkono, udongo unakanyagwa kwa mdundo, na wanawake wanapiga vigelegele huku wakichota maji. Kundi la mlimani liliwaimbia wa mbugani kwamba wanajenga kama wanaofukua viazi. La mbugani likajibu kwamba wa mlimani wana haraka ya kwenda kulala. Mzee alizunguka na timazi, akaona kila upande umesimama wima, akafurahi. Kila upande peke yake ulikuwa sawa.

Walipokutana katikati, Kalisti akiwa mbele na watu wake wakiruka kwa shangwe, ndipo Mzee alipoweka pima maji juu ya ukuta. Upande wa Kalisti ulikuwa juu zaidi, karibu unene wa tofali zima. Vijana wake walikuwa wanaweka udongo mnene ili wapande haraka, na kwa kuwa kuchungulia ni mwiko, hakuna kundi lililotazama mwenzake toka kozi, yaani safu ya matofali, ya kwanza hadi ya mwisho. Ukuta ulikuwa mmoja, lakini mistari ya matofali haikukutana mahali popote. Na kenchi za paa, zile fremu za mbao zinazobeba bati, haziwezi kulala juu ya ukuta wenye ngazi.

Pale palichafuka. Kundi la mbugani lilisema wa mlimani wabomoe. Kalisti alisema hawezi kubomoa ushindi wake kwa mkono wake mwenyewe, labda wa mbugani waongeze tofali moja. Saruji ya kuongeza haikuwapo. Kelele zilipoisha Mzee akavua kofia.

"Kosa ni langu," alisema. "Niliwapa ngoma, nikasahau kuwapa uzi mmoja."

Halafu akapanda jukwaa la miti, yeye na miaka yake, akaanza kung'oa kozi za juu upande wa mashariki kwa nyundo na mwiko, taratibu, tofali lisivunjike. Alikuwa anatoa tofali na kulifuta udongo kama mtu anayefuta yai. Sisi vibarua tulipanda kumsaidia. Kundi la mlimani lilichukua ngoma zake likaondoka, na kesho yake halikurudi, wala kesho kutwa. Kundi la mbugani nalo likasema haliwezi kujenga upande wa watu waliosusa, isije ikasemwa limeiba. Tukabaki wachache, na mawingu yalikuwa yameanza kusimama upande wa Ziwa kila alasiri. Mzee hakumlaumu mtu. Alikuwa anatazama mawingu, anatazama ukuta, anarudi kwenye udongo.

Mama Euphrasia ndiye aliyevunja lile jambo. Alikwenda kwa miguu mpaka kwa Kalisti, nami nilikuwa naye kwa sababu nilitumwa kuazima mkokoteni. Alimkuta amekaa nje ya nyumba anakaza ngozi ya ngoma, na mkewe Lukresia, mwenye mimba kubwa, anapepeta mtama. Wakaamkiana vizuri, mwangaluka kwa mwangaluka, wakaulizana habari za mifugo. Kisha mkunga akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Baba Januari, umeshinda, kijiji kizima kimeona. Sasa mama huyu atajifungulia juu ya ushindi wako, au nimsubirishe kwenye mkokoteni njiani?"

Kalisti alikaza ngozi kwa muda. Lukresia aliacha kupepeta, akacheka hadi mtama ukamwagika. Mwisho Kalisti akajibu, "Mayu, mama yangu, wewe maneno yako yana miiba," akainuka kumfunga ng'ombe kwenye mkokoteni.

Alirudi na kundi lake asubuhi iliyofuata. Mzee hakumwambia karibu wala umechelewa. Alitoa uzi mmoja mrefu, akampa Kalisti ncha moja na Maige ncha nyingine, akawaambia wavute. Wale wapinzani wa miaka walisimama pembe mbili za ukuta wameshikilia uzi mmoja, wanatazamana kwa mara ya kwanza, na watu wakaanza kucheka mpaka wao wenyewe wakacheka. Kozi za juu zilirudishwa siku hiyo kwa udongo mwembamba. Ngoma zilipigwa pia, kwa mdundo mmoja wa polepole, na Mzee aliimba. Nimeshasema kuhusu kuimba kwake.

Kenchi zilipanda, bati zikafuata. Mvua ya kwanza ilinyesha alasiri tukiwa tumebakiza kofia ya paa. Tuliipigilia tumelowa, Mzee akiwa amekaa juu kabisa kama jogoo. Ndani palivuja mahali pamoja tu, napo tulipaziba kwa lami kesho yake. Mkunga hakuhama, wala vitanda.

Ikabaki kazi ya kupanga vitanda. Kila kundi lilitaka kitanda cha kujifungulia kiwe upande wake. Mzee alikiweka katikati kabisa, chini ya kiungo, pale pande mbili za ukuta zilipokutana. Lukresia alijifungulia hapo kabla mwezi haujaisha, mtoto wa kike, wakamwita Mbula, kwa maana ya mvua. Kundi la Maige ndilo lililokuja kumpigia ngoma, na Kalisti aliwachinjia mbuzi. Ubishi wao haujaisha, na nadhani hawataki uishe.

Kiungo kile bado kinaonekana. Chini ya kozi zile za juu mistari ya matofali haikutani, na mtu akisimama nyuma ya wodi anaona wazi ukuta wa ngoma mbili. Bwana Valerian alipokuja kukagua alikubali paa, lakini alisema mahali pale pasiachwe bila macho, na kila mwaka mvua zikianza lazima fundi apande kutazama kama pamepata ufa. Mzee Telesphori alisema fundi huyo ni yeye. Mwaka jana alikwenda, akapanda, akapitisha kidole kwenye kiungo chote. Hakukuwa na ufa.

Mzee, kwa miaka ishirini na mitano umetufundisha kazi, na pia namna mkubwa anavyoweza kusema kosa ni langu bila kupungua. Sisi tulio mbali na kwetu tulikuwa na mtu wa kumwamkia shikamoo asubuhi, akaitikia marahaba kama anayemaanisha. Tunakushukuru. Tunamshukuru pia Mama Tarsisi, mkeo, aliyelima peke yake Ushirombo ili wewe ujenge huku, na kuanzia leo anastahili kukuona mchana. Tumekutengenezea kiti kwa mbao za mninga zilizobaki Bukwangu. Miguu yake minne imepimwa kwa uzi mmoja. Kikalie kwa amani na afya, wewe na wajukuu wako.

Jana tulimuuliza Mzee kama sasa tumtafute fundi mwingine wa kupanda Bukwangu. Alikataa. Amesema anakwenda nyumbani kesho asubuhi kwa basi la Runzewe, atatayarisha shamba lake, na mvua ya kwanza ya Novemba ikigusa ardhi atarudi. Kalisti na Maige wameshapelekewa habari. Ngazi itakuwa imeegemezwa ukutani, kila mmoja wao ameshika mguu mmoja wa ngazi.