Mchezaji wa Dansi Aliyeitwa Mke wa Kipa

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1958, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa tatu wa fundi mitambo na mshonaji nguo. Mama alizoea kusema kwamba mtoto huyu alicheza kabla ya kutembea: cherehani ikilia tu, naye anatikisa mabega pale sakafuni.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha sabuni. Sekondari alisoma bila ada kwa sababu alikuwa hodari wa kuruka juu. Mwalimu wa michezo alimtunza kama mboni ya jicho. Siku aliposema anataka kusomea dansi, mwalimu alishika kichwa: "Miguu hii ni mali, binti. Usiichezee!" Akaruka hadi kidato cha nne, akamshukuru mwalimu wake, akaacha.

Mwaka 1979 alianza kufundisha dansi katika ukumbi wa manispaa, wenye sakafu ya mbao na dirisha moja lisilofunguka. Alipokwenda kufungua akaunti benki, karani alimuuliza kazi yake. "Mchezaji," akajibu. Karani akainua uso kwa furaha: "Timu gani?"

Ukumbini humo ndimo alimokutana na mumewe, kipa wa timu ya mji, aliyeagizwa na daktari ajifunze kuanguka bila kuumia. "Kaka, unaanguka kama gunia," alimwambia. Walifunga ndoa tarehe 10 Desemba 1983. Kuanzia hapo, mtaani na sokoni, dada yetu akawa mke wa kipa.

Mwaka 1988 onyesho lake kubwa, alilolitunga kwa muda mrefu, liligongana na fainali ya timu ya mumewe. Aliomba abadilishiwe siku. Ofisini kwa manispaa wakamwambia hakuna atakayejua tofauti. Waliokuja hawakujaza safu moja, na mmoja wao alikuwa mama mkwe. Jioni hiyo shemeji aliokoa penalti, akabebwa juu juu hadi mlangoni kwake. Alimkuta mkewe ameketi jikoni, rangi ya jukwaani ingali usoni, na nje watu wanaimba.

"Watu walikuja?" akamuuliza.

"Si hao wanaimba? Wamekuja kwako."

Shemeji anasema hajawahi kufungwa bao zito kama lile. Wiki iliyofuata aliwakokota wenzake wote hadi ukumbini, na onyesho likarudiwa. Beki wa kati, jitu la miraba minne, alilia bila kujificha. Gazeti nalo lilituma mpiga picha. Likachapisha picha ya timu ikipiga makofi.

Mwaka 2013 ukumbi uligeuzwa chumba cha mazoezi ya timu, na dada akawahamishia wanafunzi wake sebuleni, makochi yakasukumwa ukutani. Mwaka 2019 ugonjwa wa mishipa ya fahamu ulianzia kwenye vidole vya miguu ukapanda. Shemeji alipovunjika goti zamani, mji mzima ulimiminika hospitalini. Dada alipolazwa, klabu ilileta maua, na kadi ikaandikwa kumpa pole kipa. Binti zake walikasirika. Yeye akawatuliza: "Waacheni. Wanampenda. Hata mimi nampenda."

Miezi ya mwisho, alipokuwa hawezi tena kuinuka, alimfundisha mumewe lile onyesho la zamani, hatua kwa hatua, kutoka kitandani. Goti bovu, tumbo mbele, mzee wa watu akajitahidi, naye akimkosoa kwa sauti iliyokuwa ikififia: "Bega. Bega, mume wangu."

Asubuhi ya tarehe 3 Juni mwaka huu, shemeji alikuwa amesimama kando ya kitanda, mikono juu, akingoja kukosolewa. Alingoja sana.

Dada yetu ameacha mume, binti wawili, mjukuu mmoja, dada yake mkubwa, sisi wadogo zake, na wanafunzi wake waliojaa hapa leo hadi nje ya uzio.

Mungu ampokee kwa upole, na ampe pumziko alilolitolea jasho.