Hamjamuuliza Ndugu Yenu

Fungeni mlango mkae, wanangu, na wewe mkubwa zima hiyo simu, maana sauti niliyobakiwa nayo ni ndogo na sitaki kuirudia kwa mtu aliyekuwa anaangalia pembeni. Jana mlidhani nimelala. Sikulala. Mgonjwa akifumba macho hajaziba masikio, na kila mlichopanga pale sebuleni nimekisikia: nikishazikwa nyumba iuzwe, na ndugu yenu azungushwe, miezi kadhaa kwa mkubwa, miezi kadhaa kwa dada yake, kama jiko la kuazima. Nimekasirika. Nalisema mapema ili mtu asije akasema mama alikuwa anaweweseka.

Huyo mnayetaka kumzungusha ni mtu mzima mwenye ndevu na kazi yake. Ndiyo, akili yake ilizaliwa na mwendo wa polepole, hilo nimelijua kabla yenu wote. Lakini kila asubuhi anakwenda kwenye chumba cha kufulia pale hospitali, anakunja mashuka, na wenzake wanamwita Bosi kwa sababu shuka likikunjwa ovyo anamrudishia aliyelikunja bila kumwonea haya. Mwanzoni yule msaidizi wa kituo cha mtaa, anayemfundisha kujitegemea, alitembea naye bega kwa bega; halafu akawa nyuma yake kidogo, halafu ng'ambo ya barabara, halafu anachungulia kutoka kwenye kona, mpaka siku alipobaki na mimi hapa mlangoni, tumeshikana mikono, macho barabarani, na mwanangu akaenda akarudi. Njia ile aliihangaikia. Leo mnataka kumpeleka mji asioujua, akae kwenye kochi la watu aangalie televisheni mpaka zamu yenu iishe. Amekosa nini?

Na wewe mkubwa, kuna jambo lako limenikaa rohoni. Ulipokuja mara ile ulimkuta msaidizi amesimama jikoni, mikono nyuma, mdogo wako anapambana na viazi, ukamfokea mama wa watu: "Yaani unalipwa kusimama tu? Si ummenyee!" Ukanyakua kisu ukamenya wewe, ukajiona umeokoa jahazi. Baba, kazi yake ndiyo hiyo. Kusimama pale bila kuingiza mkono kunachosha kuliko kumenya gunia zima. Mdogo wako hakuvigusa vile viazi, nawe ukasema amenuna. Hakununa. Alidharauliwa nyumbani kwake, na dharau anaijua haraka kuliko sisi sote.

Binti yangu, usicheke, zamu yako imefika. Nani alimwambia kwamba mama anasafiri? Ulimwonea huruma, najua. Basi akafungasha begi. Akaweka suruali zake, akaweka na gauni langu la bluu, akakaa na begi mapajani akingoja tuondoke, maana hajawahi kuniacha nisafiri peke yangu. Na hivyo hivyo mlimfanyia alipofariki baba yenu: mkampeleka kwa jirani, mkampa soda, eti asije akapiga kelele makaburini akawaaibisha. Akarudi hamkuti baba, na hakuna aliyemwambia neno. Kwa miaka, kila gari likisimama nje, alikimbilia dirishani. Nyinyi mlikuwa mmeshaenda makwenu. Aliyekuwa akimtoa pale dirishani ni mimi. Hilo nimejaribu kuwasamehe na limenishinda.

Ndiyo maana juzi nilimwita nikamwambia mwenyewe, "Baba, mimi sisafiri. Nakufa. Nitazikwa na sitarudi." Akashika pindo la blanketi. Kisha akaniuliza, "Huko utaumwa?" Nikamwambia maumivu yataisha. Akalia, nikalia naye, akafungua begi akazirudisha nguo kabatini moja moja. Jana msaidizi akaniambia ameomba ruhusa kazini, siku ya mazishi ya mama yake. Kaomba kwa mdomo wake. Na nyinyi wiki nzima mnaniambia nitapona.

Sasa shikeni. Nyumba hii haiuzwi ndugu yenu akiwa hai. Msaidizi aendelee kuja, na asifukuzwe kwa kuwa mtu amemkuta kasimama. Binti, cherehani na vyombo ni vyako. Mkubwa, duka la baba yenu unalo tayari, usinung'unike. Na siku ya kunizika, ndugu yenu atabeba jeneza pamoja nanyi, mbele, sio nyuma na watoto. Akilia kwa sauti, mwacheni; kafiwa na mama.

Nipeni maji. Kidogo tu... Inatosha.

Nawabariki, wanangu. Nimewafokea kwa sababu ni wangu. Mtu baki nisingempotezea pumzi. Mkubwa, Mungu akupe subira, mikono yako ina haraka. Binti yangu, huruma unayo, Mungu akuongezee ujasiri. Mpendane. Msije mkanuniana juu ya kaburi langu.

Haya, mwiteni. Kikao kizima ni chake, na mmemwacha uani.

Njoo, baba. Kaa hapa, kitandani. Karibu zaidi, sikuoni vizuri. Hawa wamepanga yao, na mimi nimepanga yangu, na hata mimi... hata mimi sijakuuliza. Mama akishazikwa, wewe unataka kukaa wapi? Na nani?

Nyamaza, mkubwa. Jibu lake huchelewa, na kila likikaribia kutoka mmoja wenu humsemea, likarudi ndani. Leo hapana. Hata kama... hata kama pumzi yangu itakatika, mngojeni. Binti, mwachie mkono, usimbonyeze.

Mnaona? Midomo inacheza.

Sema, baba. Taratibu. Bado nipo.